Mtoto ana kilo ngapi?

Binti yetu alikuwa na miezi minne usiku ule. Alianza kukohoa jioni, pua ikaziba, na kila akishika ziwa alikuwa akiliachia ili avute pumzi kwa mdomo. Mama yake alimlaza begani, mimi nikatoka kutafuta dawa. Duka la dawa la mtaani kwetu lilikuwa linakaribia kufungwa. Dada niliyemkuta aliniuliza swali moja tu: "Ana miezi mingapi?" Nikamjibu. Akashusha rafuni chupa ndogo yenye unga wa amoksilini, akaniambia nichemshe maji, yakipoa niyatie hadi kwenye mstari, nitikise, kisha nimpe mtoto kijiko kimoja cha chai kutwa mara tatu. Nikalipa, nikashukuru, nikaharakisha kurudi nyumbani.

Jikoni nilikuta vijiko vya chai vitatu, na hakuna kilicholingana na mwenzake. Nikachukua kilichokuwa karibu. Mtoto akatema kiasi, akameza kiasi, akalala.

Asubuhi bibi yake hakutaka kusikia habari ya dozi ya pili. Alitaka mtoto apelekwe zahanati. Tukaenda. Muuguzi aliyetupokea naye alianza na swali, ila halikuwa la miezi. "Baba, mtoto ana kilo ngapi?" Sikujua. Kadi ya kliniki niliiacha kabatini. Basi mtoto akavuliwa nguo, akavishwa ile kaptula ya kitambaa, akatundikwa kwenye mizani ya kuning'inia, akalia mpaka sindano ya mizani ikawa inacheza. Alipotulia kidogo ikasoma kilo 5.8. Muuguzi akaandika. Kisha akamrudisha kwa mama yake anyonye, na alipotulia kabisa akamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, jicho moja kwenye saa. Pumzi 44. Akatazama kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani mtoto anapovuta hewa. Haikuingia.

"Hana nimonia huyu," alisema. "Ana mafua. Mnyonyesheni mara kwa mara, msafisheni pua. Akianza kupumua mbio, au akikataa ziwa, mrudi hata kama ni usiku." Akaishika ile chupa, akasoma kibandiko chake, akaiweka mezani. "Hii alipimiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Binti yule sasa yuko darasa la tatu na afya yake ni njema, lakini swali lile sijalisahau, na katika miaka ya kuandika habari za afya nimejikuta nikilirudia kwa wafamasia, waganga wa zahanati, wauguzi wa wodi za watoto na wazazi wenzangu. Nimeamini kwamba dozi ya mtoto mchanga huanzia kwenye mizani. Chupa ni hatua ya pili.

Nichukue hesabu za binti yangu mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unasema mtoto wa kati ya miezi miwili na mwaka mmoja, mwenye kilo 4 hadi asiyefikia 10, akiwa na nimonia isiyo kali apewe amoksilini miligramu 250 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Kwa siku, hiyo ni miligramu 500. Chupa niliyouziwa ilikuwa ya miligramu 125 katika kila mililita 5. Kijiko kamili cha mililita 5 mara tatu kwa siku kingempa miligramu 375, yaani robo tatu ya dawa ambayo angeihitaji kama kweli angekuwa na nimonia.

Hapo nimekubali kwamba kijiko changu kilikuwa cha mililita 5. Baadaye nilinunua bomba la sindano, nikaitupa sindano, nikavipima vijiko vya jikoni kwetu kimoja kimoja kwa maji. Kidogo kilibeba mililita 3 na nusu. Cha kati kilikuwa 5. Kikubwa kilifika 7. Kwa kile kidogo, binti yangu angekunywa miligramu 262 kwa siku, nusu ya dozi na chembe. Na ipo chupa nyingine ya amoksilini, ya miligramu 250 kwa kila mililita 5. Sanduku linafanana, unga unafanana, harufu ya matunda ni ile ile. Kama dada yule angenyoosha mkono inchi chache kulia akanipa hiyo, nami nikatumia kijiko kikubwa, mtoto angekunywa miligramu 1,050. Maelekezo ni yale yale, "kijiko kimoja kutwa mara tatu", mtoto ni yule yule, na kati ya dozi ya chini na ya juu kuna tofauti ya mara nne.

Jambo hili si la majiko ya Uswahilini peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walichapisha matokeo ya kupima vijiko vya chai vya nyumba 25 za mkoa wa Attica, ule wenye jiji la Athens. Walikuta vinavyobeba mililita 2.5 na vinavyobeba 7.3. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikatoa msimamo kwamba dawa za maji za watoto ziandikwe kwa mililita tu, na neno kijiko liondolewe kabisa kwenye cheti na kwenye chupa. Sisi bado tunalitumia kila siku, na mabomba ya plastiki ya mililita 5 yamejaa madukani kwa bei ndogo.

Amoksilini, kwa bahati, ni dawa yenye uvumilivu. Ikizidi kidogo, kwa kawaida mtoto ataharisha, tumbo litamsumbua, na mwili utaisafisha. Ikipungua ndipo ubaya wake huonekana, maana bakteria waliopigwa bila kuuawa hubaki mapafuni. Lakini ziko dawa ambazo kwa mtoto wa siku chache hazina uvumilivu wowote, na historia yake inauma.

Katika miaka ya 1950 pale New York, watoto njiti walikuwa wakipewa dawa za kuzuia maambukizi hata kabla ya kuugua. Ilionekana ni busara: mtoto dhaifu akingwe. Daktari William Silverman na wenzake waliamua kulinganisha aina mbili za kinga hiyo. Kundi moja lilipewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya salfa, kundi la pili likapewa dawa ya jamii ya tetrasaiklini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956. Waliopewa salfa walikufa zaidi, na miili yao ilipochunguzwa, wengi walikutwa na madoa ya manjano ndani ya ubongo. Baadaye sababu ikajulikana. Mtoto mchanga ana rangi ya manjano katika damu, bilirubini, ambayo ini lake changa bado halijaweza kuiondoa yote. Rangi hiyo hubebwa na protini za damu, na ikiwa imebebwa hivyo haiwezi kuingia kwenye ubongo kirahisi. Salfa ilikuja ikapanda juu ya protini zile zile, ikaiteremsha bilirubini, nayo ikapata njia ya kwenda kichwani. Dawa haikuwa na sumu kwa mtu mzima. Kwa kichanga ilikuwa inafungua mlango.

Ndiyo sababu hadi leo Septrin, ambayo ndani yake mna salfa, huepukwa kwa mtoto njiti na kwa kichanga mwenye manjano, na watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya Ukimwi huanzishiwa dawa hiyo ya kinga wakiwa na wiki 4 hadi 6 badala ya siku ya kwanza.

Miaka mitatu baada ya taarifa ya Silverman, mwaka 1959, taarifa nyingine ikatoka Los Angeles. Safari hii ilikuwa kloramfenikoli, dawa ambayo hata hapa kwetu imetibu homa ya uti wa mgongo na taifodi kwa miongo mingi. Madaktari watatu, mmoja wao Joan Hodgman, walifuatilia watoto njiti waliokuwa katika hatari ya maambukizi kwa kuwa chupa ya uzazi ilipasuka mapema. Baadhi hawakupewa dawa yoyote, baadhi walipewa kloramfenikoli. Kati ya wasiopewa kitu, alikufa karibu mmoja katika kila watano. Kati ya waliopewa kloramfenikoli walikufa zaidi ya nusu. Kifo chao kilikuwa na sura yake: tumbo linavimba, mtoto anatapika, analegea, anakuwa wa baridi, ngozi inageuka rangi ya majivu, moyo unashindwa kusukuma damu. Hali hiyo ikaja kuitwa ugonjwa wa mtoto wa kijivu.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama mahali pamoja. Wale madaktari hawakuwa wazembe, wala hawakukosa mizani. Kilo walizijua, na dozi waliipiga kwa kilo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kilo moja ya mtoto wa siku tatu inafanya kazi sawa na kilo moja ya mtoto wa miaka mitatu. Ini la kichanga halina bado vimeng'enya vya kutosha kuivunja dawa ile, na figo zake zinachuja polepole mno. Kwa hiyo dozi ya leo ilikuwa bado mwilini wakati ya kesho inaingia, na ya keshokutwa ikapanda juu yake.

Kwa hiyo mizani ni mwanzo tu. Kwa mtoto wa siku na wiki za mwanzo, mtu wa dawa lazima ajue pia ana siku ngapi na alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi. Karibu robo tatu ya mwili wake ni maji, na dawa inayopenda maji husambaa humo na kupungua makali, hivyo pengine atahitaji zaidi kwa kila kilo kuliko baba yake. Wakati huo huo figo zinachelewa kuitoa, hivyo atahitaji kupewa kwa nafasi ndefu zaidi. Katika wiki mbili za kwanza kasi ya figo kuchuja huongezeka takriban maradufu. Dozi ya Jumatatu hii inaweza isiwe sahihi Jumatatu ijayo. Anapofika miezi mitano, mtoto anayekua vizuri ana uzito mara mbili ya ule aliozaliwa nao, na akitimiza mwaka ni mara tatu. Cheti cha mwezi wa pili hakina kazi mwezi wa saba.

Mwaka 1963 mtaalamu wa dawa wa Marekani, Harry Shirkey, aliwaita watoto yatima wa tiba, kwa kuwa dawa zilikuwa zinajaribiwa kwa watu wazima halafu watoto wanakatiwa kipande kwa kukadiria. Kabla yake palikuwa na kanuni za kugawa dozi ya mtu mzima kwa kutumia umri wa mtoto, na wafamasia walizikariri chuoni. Kwa mtoto wa shule zilisaidia. Kwa mtoto wa wiki moja zilikuwa bahati nasibu.

Nenda sasa kwenye wodi ya watoto wachanga, popote Afrika Mashariki, utakuta jentamisini. Ni sindano ya bei nafuu na ni silaha kubwa dhidi ya maambukizi ya damu kwa vichanga. Mwongozo wa WHO unataka mtoto aliyezaliwa na uzito wa kawaida, katika wiki yake ya kwanza, apewe miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja tu kwa siku. Mwenye kilo 3 atapata miligramu 15. Akipita wiki hiyo, dozi inapanda kufikia miligramu 7.5 kwa kilo, kwa sababu figo nazo zimekua. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo ana kipimo chake cha chini zaidi.

Sasa tazama kwenye trei. Kipo kichupa cha jentamisini cha mililita 2 chenye miligramu 20, kimekusudiwa watoto. Kipo kingine cha mililita 2 chenye miligramu 80, cha wakubwa. Kutoka kile cha watoto, miligramu 15 ni mililita 1 na nusu. Kutoka cha wakubwa, ni chini ya mililita 0.4, kiasi ambacho hakipimiki kwa bomba kubwa. Kinahitaji bomba la mililita 1. Muuguzi aliyekesha akichukua kichupa cha wakubwa huku kichwani ana mililita moja na nusu ya jana, mtoto ataingiziwa miligramu 60. Mara nne. Na jentamisini ikizidi hushambulia figo na sikio la ndani. Figo huenda zikapona. Sikio la ndani likiharibika ndiyo basi, na mtoto mchanga hawezi kusema hasikii. Wazazi watakuja kugundua mwaka wa pili, wenzake wanapoanza kuita mama na yeye amenyamaza.

Muuguzi mmoja mzee wa wodi ya vichanga aliniambia kwamba yeye haingizi jentamisini bila mwenzake kusoma kichupa kwa sauti na kurudia hesabu. "Hata kama ni saa tisa za usiku, namwamsha," alisema. Natamani kila wodi iwe na mtu kama huyo, na iwe na wauguzi wa kutosha ili awepo wa kuamshwa. Mahali penye muuguzi mmoja kwa vichanga ishirini, kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Kuna jambo la seftriaksoni pia, sindano ambayo siku hizi imekuwa kama maji. Kwa mtoto asiyetimiza siku 28 haichanganywi kabisa na dripu yenye madini ya kalisi, kama ile ya Ringer, kwa kuwa vikikutana huganda chembechembe zinazoweza kuziba mapafu na figo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2007 baada ya vifo vya vichanga. Tena seftriaksoni nayo huiteremsha bilirubini kutoka kwenye protini za damu, kama salfa ya mwaka 1956. Mzazi, ukiona kichanga wako anatundikiwa dripu na kuchomwa sindano hiyo, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Samahani dada, hivi viwili vinapatana kwa mtoto wa umri huu?"

Nirudi mtaani, kwa sababu huko ndiko dozi nyingi hutolewa. Watoto wengi tunaowanunulia antibayotiki hawazihitaji. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014, ulichunguza kwa vipimo vya kina watoto 1,005 waliofika kliniki wakiwa na homa. Karibu 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Malaria ilikuwa kwa mmoja katika kila 10 hivi. Virusi havisikii amoksilini hata ukimwaga chupa nzima. Kisha mwaka 2024 yakachapishwa matokeo kutoka vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro. Katika vituo vilivyoendelea kama kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibayotiki. Katika vituo ambako mtoa huduma aliongozwa hatua kwa hatua na programu kwenye kompyuta ya mkononi, ikimwelekeza cha kuuliza, cha kupima na cha kuamua, waliandikiwa 23. Na watoto hao hawakupona vibaya kuliko wenzao. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari njema kuliko zote nilizosoma kuhusu jambo hili, na inatoka kwetu.

Upande wa pili wa sarafu ni hospitali ya Muhimbili. Mwaka 2001 na 2002 watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa pale wakishukiwa kuwa na maambukizi makali. Waliokuwa na aina fulani ya bakteria katika damu, ile ambayo wataalamu huiita hasi kwa kipimo cha Gram, walikufa kwa zaidi ya asilimia 43, wakati malaria iliua asilimia 20. Bakteria sugu, na matibabu yasiyolingana nao, vilionyesha wazi nani yuko hatarini kufa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita, kabla vichupa havijawa vingi kiasi hiki. Usugu hulelewa na dawa inayotumika pasipohitajika, na pia na dawa inayohitajika ikitolewa nusu. Vijiko vyangu vitatu vya jikoni vimo katika habari hiyo ya Muhimbili.

Na ikiwa mtoto kweli anahitaji dawa, kuna mambo ya mikono. Chupa ya unga igongwe kwanza ili unga ulioshikamana uachie. Maji yaliyochemshwa yawe yamepoa. Utie nusu, utikise, usubiri povu litulie, ndipo uongeze hadi mstarini. Ukitia yote kwa mara moja, povu litakudanganya. Kila unapotaka kumpa, tikisa tena, maana dawa huzama chini. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo na uji mzito siku ya mwisho. Chupa nyingi zikishachanganywa hudumu siku 7, kibandiko kitakuambia, baada ya hapo ni ya kumwaga. Si ya kumhifadhia mdogo wake.

Binafsi napenda zaidi vidonge vya amoksilini vya kuyeyuka, ambavyo WHO inavipendekeza kwa nimonia ya watoto na vinapatikana katika vituo vyetu vya umma. Kidonge kina miligramu 250, unakiweka kwenye kikombe kidogo chenye maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kinayeyuka, mtoto anakunywa chote. Hakuna mstari wa kukosea, hakuna jokofu, hakuna kijiko cha kubishania. Kikiwa hakipo, basi bomba: mtoto akae wima kidogo mapajani, ncha iingie pembeni ya shavu, usukume kidogo kidogo akimeza. Ile tabia ya kumbana pua ili ameze kwa nguvu tuiache. Mtoto akipaliwa, dawa huenda mapafuni, pale pale tulipotaka kupaponya. Wala usiimwage kwenye kikombe kizima cha uji. Akiacha nusu ya uji, ameacha nusu ya dozi.

Simlaumu yule dada wa dukani. Saa tatu za usiku, hana mizani, na mbele yake amesimama baba mwenye hofu anayetaka kitu cha kubeba. Maduka ya dawa muhimu yalianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, yakaenea nchi nzima, na yamefika vijiji ambamo mfamasia hajawahi kulala. Watoa dawa wake wamefundishwa na wameruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki. Mizani ya watoto, hata hivyo, nimeikuta katika machache sana kati ya niliyoingia. Naliomba Baraza la Famasi liifanye mizani kuwa sehemu ya duka kama rafu ilivyo, na lidai kila chupa ya mtoto itoke dukani ikiwa na bomba lake, na mililita ziandikwe kwa kalamu kwenye sanduku. Gharama ya mizani moja hailingani na kitanda kimoja cha wodi kwa wiki.

Nawe msomaji mwenye mtoto ndani ya nyumba, leo itoe kadi ya kliniki kabatini uiweke kwenye mkoba unaotoka nao kila mara. Uzito wake wa mwisho uufahamu kwa kichwa. Ukiuziwa dawa, uliza ni mililita ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi, na usiondoke bila bomba. Akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, mwendee mganga wa zahanati, siyo duka. Na kama hajatimiza miezi miwili, akawaka mwili au akawa wa baridi, akaacha kunyonya au akawa hajongei mpaka aguswe, usimnunulie dawa yoyote njiani. Mfunike vizuri, mnyonyeshe mkiwa mwendoni kama anaweza, na mpeleke moja kwa moja kituo cha afya usiku huo huo.